Barua ya wazi kwa viongozi wa Lindi na Mtwara: chanjo ya protini dhidi ya bruselosi, na mahali fedha zinapotakiwa kwenda

Kwa: Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara, Wakurugenzi wa Halmashauri za mikoa hii, Wizara ya Mifugo na Uvuvi.

YAH: KUIANDAA KUSINI KWA CHANJO YA PROTINI DHIDI YA UGONJWA WA KUTUPA MIMBA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunaoandika ni madaktari wa mifugo, maafisa mifugo na wataalamu wa maabara tunaofanya kazi Lindi na Mtwara. Ombi letu ni moja. Nchi inapoingia kwenye kazi ya kutengeneza chanjo ya bruselosi kwa njia ya protini rekombinanti (protini ya kimelea inayotengenezwa na kiumbe kingine kilichopandikizwa jeni), kusini kusisubiri kupelekewa chupa mwishoni. Sampuli za huku, mbuzi wa huku na ng'ombe wa huku waingie tangu mwanzo, na fedha zielekezwe kwenye hatua ambazo ndizo huua miradi ya aina hii. Hatua hizo zinajulikana.

Wafugaji wanaufahamu ugonjwa huu kwa kazi yake: ng'ombe katupa. Bakteria aina ya Brucella huingia kwa mdomo, kwa macho au kwenye mchubuko wa ngozi, hukaa kwenye tezi, kisha huhamia kwenye kizazi mimba inapokua. Kondo la ng'ombe na mbuzi lina sukari iitwayo erithritoli ambayo bakteria hawa huipenda sana, ndiyo maana mimba hutoka katika theluthi ya mwisho, mfugaji akiwa tayari anahesabu ndama. Kinachofuata ni kibaya zaidi. Ng'ombe huyo mara nyingi hubeba mimba inayofuata hadi mwisho, ananenepa, anaonekana mzima, huku akitoa vimelea kwenye maziwa na kwenye maji ya uzazi. Mwenye mali akichoka naye anampeleka mnadani, na ugonjwa unahamia zizi jingine kwa risiti halali ya ushuru.

Kwa kusini jambo hili lina uzito wake. Kwa miaka mingi ndorobo waliizuia mikoa hii isiwe ya ng'ombe wengi. Hali ilibadilika wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mifugo mingi ikaletwa Kilwa, Lindi, Nachingwea na Liwale. Leo makundi yanafuata mabonde ya Matandu, Mbwemkuru na Ruvuma, yanakutana na mbuzi wa wenyeji Masasi, Nanyumbu na Newala kwenye maji yaleyale, na upande wa magharibi yanapakana na nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kusini kabisa kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Ugonjwa wenyewe umo kwenye orodha ya taifa ya magonjwa sita ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, pamoja na kichaa cha mbwa, kimeta, Homa ya Bonde la Ufa, mafua ya ndege na malale.

Mtatuuliza, chanjo si zipo? Zipo, na ni nzuri kwa mahali pake. S19 ilitokana na bakteria aliyepatikana mwaka 1923 kwenye maziwa ya ng'ombe wa Jersey huko Marekani, akakaa maabara kwenye joto la kawaida zaidi ya mwaka na kupoteza ukali. Rev.1 ya mbuzi na kondoo ni ya mwaka 1957. RB51 iliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Zote tatu ni bakteria hai waliodhoofishwa, na uhai huo ndio unaozipa nguvu na ndio unaozipa kasoro. Zinaweza kumtupisha mnyama mwenye mimba. Zinaweza kutoka kwenye maziwa. Zinaweza kumwambukiza mchanjaji akijichoma sindano au tone likimrukia jichoni, na hapo tiba nayo inakuwa na mtego, kwa kuwa Rev.1 ni sugu kwa streptomaisini na RB51 ni sugu kwa rifampisini, dawa mbili tunazozitegemea kwa binadamu.

Tunaomba msimame kidogo kwenye hesabu ifuatayo, maana ndiyo kiini cha tatizo letu. S19 hupigwa chini ya ngozi, mara moja, bakteria hai bilioni 50 hadi 80, kwa ndama jike wa miezi 3 hadi 6. Akizidi umri huo, kingamwili za chanjo hubaki mwilini na kipimo cha damu kiitwacho Rose Bengal hakiwezi tena kumtofautisha na mgonjwa. Dume hachanjwi kabisa, korodani huweza kuvimba. Sasa, ndama wa huku huzaliwa mwaka mzima kwa sababu madume hutembea na majike muda wote. Timu ya chanjo ikifika kijijini mara moja kwa mwaka, itakuta ndama walio ndani ya dirisha hilo la miezi mitatu ni kama robo tu ya waliozaliwa mwaka huo. Robo tatu wamepita au hawajafika. Kwa mbuzi ni vigumu zaidi, maana mimba yao ni siku 150 tu na mwenye mbuzi 30 porini hawezi kukuambia yupi ana mimba ya miezi miwili. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 imejengwa kwa mtindo wa kufika kijijini na kuchanja wote kwa pamoja. Mtindo huo unafaa homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka ya mbuzi na kondoo. S19 na Rev.1 haziingii humo bila madhara.

Hapo ndipo chanjo ya protini inapopata maana. Haina bakteria. Ina protini moja au chache za Brucella zilizotengenezwa na kiumbe kingine kilichopandikizwa jeni. Mnyama mwenye mimba anaweza kuchanjwa, dume anaweza kuchanjwa, mchanjaji akijichoma hapati bruselosi. Na kuna faida ya pili ambayo sisi wa maabara tunaithamini sana. Rose Bengal hutafuta kingamwili dhidi ya mnyororo wa sukari ulio juu ya ngozi ya bakteria. Protini iliyosafishwa haina mnyororo huo. Kwa hiyo aliyechanjwa atapima hasi, aliyeambukizwa atapima chanya, na mkaguzi pale mnadani hatabishana na mfugaji.

Bado hakuna chanjo ya namna hii inayotumika kwa wingi kwenye mifugo dhidi ya bruselosi, ingawa utafiti una zaidi ya miaka ishirini. Tungependa mjue kwa nini, kabla hamjasaini bajeti yoyote.

Mwanzo wa kazi ni rahisi, na ndiyo maana watu wengi huuanza. Jenomu, yaani orodha nzima ya jeni, ya Brucella melitensis ilichapishwa mwaka 2002, kwa hiyo jeni huagizwa likiwa limeundwa kwa kemikali, limerekebishwa lisomeke vizuri ndani ya E. coli, bakteria anayetumika maabara kutengenezea protini, bila mtu yeyote kufuga Brucella hai. Orodha ya protini zinazojaribiwa inafahamika: L7/L12 ya ribosomu, SodC, BP26, Omp16, Omp19, Omp25, Omp31, na lumazini sinthesi. Jeni huingizwa kwenye plasmidi (kipete kidogo cha DNA) kama pET-28a, plasmidi ikaingizwa kwenye E. coli BL21(DE3), bakteria wakakuzwa kwenye mchuzi wenye kanamaisini mikrogramu 50 kwa mililita kwa nyuzi 37 hadi ukungu wao usome 0.6 kwenye mwanga wa nanomita 600. Hapo huongezwa IPTG, kemikali inayoliwasha jeni, tuseme milimola 0.5 kwa lita, na bakteria huanza kumimina protini. Wiki mbili za kazi, na picha ya jeli yenye mstari mnene wa buluu inapendeza kwenye taarifa.

Shida ya kwanza inaonekana bakteria wanapopasuliwa. Protini za utando wa nje kama Omp25 na Omp31 hazipendi maji, zinakunjamana ovyo na kuwa mabonge yanayozama chini ya mashine ya kuzungusha. Dawa ya kwanza ni kupunguza joto na haraka: IPTG ishuke hadi milimola 0.1, joto lishuke hadi nyuzi 18, bakteria waachwe usiku kucha. Isiposaidia, mabonge huyeyushwa kwa urea ya mola 8, kisha urea hutolewa taratibu kwa ngazi, 6, 4, 2, hadi sifuri, kwenye nyuzi 4. Anayeruka ngazi moja kwa haraka asubuhi anakuta mfuko umejaa mawingu meupe, na kazi ya wiki imekwisha. Usafishaji kwenye safu ya nikeli, inayoshika protini huku uchafu ukipita, ni wa kawaida: imidazoli milimola 20 kuosha, 250 kutoa. Ila hata hapo umeme ukikatika saa sita usiku na jenereta isiwake yenyewe, vimeng'enya vya E. coli vitaila protini kabla hakujapambazuka. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu jenereta huwa ya kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Shida ya pili ndiyo tunayoiogopa zaidi, kwa kuwa haionekani. E. coli ana sumu yake kwenye ukuta, endotoksini, na inang'ang'ania protini hata baada ya safu ya nikeli. Endotoksini ni kichocheo kikali cha kinga. Panya aliyechomwa protini chafu anaamka mwili mzima, anapigana vizuri na Brucella kwa muda, na mtafiti anaandika kwamba protini yake inakinga. Ukiisafisha protini ileile, kinga inaporomoka. Fedha zimepotea kwa namna hii.

Namna ya kuitoa si ghali. Huchanganywa sabuni ya maabara iitwayo Triton X-114 asilimia 1 hadi 2, ikakorogwa kwenye barafu nusu saa, kisha chupa ikawekwa kwenye nyuzi 37. Maji yaliyokuwa angavu yanageuka meupe mbele ya macho, kama tui jepesi. Ukizungusha, tabaka la mafuta linakaa chini likiwa limebeba endotoksini, protini inabaki juu. Hurudiwa mara mbili au tatu, kisha hupimwa kwa LAL, kipimo cha kiasi cha endotoksini kilichobaki. Tunaomba iwe sharti la maandishi: mradi wowote utakaopewa fedha za umma uonyeshe namba ya LAL kabla ya kugusa panya, na uwe na kundi la panya waliochomwa kichocheo cha chanjo (dawa ya kuamsha kinga inayochanganywa na protini) peke yake, na kundi jingine lililochomwa mchuzi wa E. coli mwenye plasmidi tupu. Bila makundi hayo mawili matokeo yasipokelewe.

Kichocheo cha kinga nacho kina siri. Brucella hujificha ndani ya makrofeji, seli zilezile zilizotumwa kumla. Kingamwili zinazoelea kwenye damu hazimfikii humo. Anayemfikia ni seli T, zikitoa interferoni gama inayoiamsha makrofeji imuue aliyemeza. Alumini hidroksidi, iliyozoeleka kwenye chanjo nyingi, husukuma mwili zaidi upande wa kingamwili. Protini nzuri iliyochanganywa na alumini pekee huleta damu iliyojaa kingamwili na wengu uliojaa bakteria. Kwa hiyo vichocheo kama saponini ya Quil A, CpG, lipidi A iliyopunguzwa makali, au mafuta ya aina ya Montanide vinapaswa kuwa kwenye mpango tangu siku ya kwanza, pamoja na fedha za kupima interferoni gama kwa kipimo cha maabara kiitwacho ELISA. Kichocheo kamili cha Freund, ambacho hung'arisha matokeo ya panya, hakifai zizini kwa sababu huacha majipu na uvimbe kwenye nyama.

Halafu panya wenyewe. Jaribio la kawaida ni panya wa maabara wa aina ya BALB/c, sindano mbili au tatu, kisha Brucella hai, na baada ya wiki kadhaa wengu husagwa na bakteria huhesabiwa. Kupungua kwa logi moja ni kupungua mara kumi, logi mbili mara mia. Protini moja moja mara nyingi hutoa logi moja au zaidi kidogo, chini ya S19. Lakini ng'ombe haulizwi wengu wake una bakteria wangapi. Anaulizwa mambo matatu: ametupa au hakutupa, maziwa yana vimelea au hayana, kondo lina vimelea au halina. Daraja kati ya panya na mbuzi ndilo miradi mingi hufia, kwa sababu kumwambukiza mbuzi au ng'ombe mwenye mimba kwa makusudi kunahitaji banda la usalama wa ngazi ya tatu, lenye hewa inayochujwa na maji taka yanayochemshwa. Banda hilo ni ghali kulijenga na ghali zaidi kulilisha umeme kila mwezi.

Hatuombi banda hilo lijengwe Mtwara. Tunaomba kitu kinachoweza kufanywa huku kuliko mahali pengine, yaani jaribio la zizini mahali ugonjwa ulipo kwa asili yake, na maandalizi ambayo bila hayo jaribio hilo halina maana.

Maandalizi ya kwanza ni kujua tunapambana na nani. Brucella abortus, ambaye hasa ni wa ng'ombe, hana jeni la Omp31. Lilifutika kwenye kromosomu yake pamoja na kipande kikubwa cha jirani. B. melitensis, ambaye hasa ni wa mbuzi na kondoo, analo. Chanjo ya mbuzi iliyosimama juu ya Omp31, kama ile ambayo watafiti wa Argentina waliiunganisha na lumazini sinthesi, ina mantiki kama mbuzi wa Newala na Nanyumbu wanaugua melitensis. Kama wanaugua abortus waliyoipata kwa ng'ombe wa kuhamia, hiyo haiwezi kuwa nguzo. Hatuwezi kuchagua protini kwa ajili ya kusini kwa kubahatisha. Rose Bengal haijibu swali hili, maana inawashika wote wawili sawasawa. Linajibiwa na mimba iliyotupwa.

Kwa hiyo tunaomba kila halmashauri iwe na seti ndogo ya kukusanyia mimba zilizotupwa: glovu ndefu za kufika begani, miwani, barakoa, chupa za skrubu, mifuko miwili ya plastiki ndani ya kopo gumu, kulboksi na vibarafu. Kinachochukuliwa ni maji ya tumbo la kijusi, kipande cha pafu, cha wengu, na vifundo viwili vitatu vya kondo. Vikae nyuzi 2 hadi 8 kama vitafika maabara ndani ya siku moja au mbili, vigandishwe kama havitafika. Kinachobaki kizikwe kina cha mita moja na zaidi, juu yake chokaa, mbwa asione hata utando. Maabara hutafuta jeni kwa PCR (kipimo kinachonakili DNA ya kimelea hadi ionekane) na, palipo na usalama wa kutosha, hukuza bakteria kwa nyuzi 37 kwenye hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 5 hadi 10. Sahani isitupwe kabla ya siku kumi, Brucella ana mwendo wa kobe.

Pamoja na hayo, damu. Mililita 5 hadi 10 kutoka mshipa wa shingo kwenye chupa ya kizibo chekundu, iachwe kivulini igande, isitikiswe kwenye bodaboda, siramu (majimaji yanayobaki juu ya damu iliyoganda) itolewe siku hiyohiyo au asubuhi yake na kugawanywa kwenye vichupa viwili. Kimoja kipimwe, kimoja kitunzwe nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa Rose Bengal, siramu na antijeni (dawa ya kipimo) vyote vitolewe kwenye friji vifike joto la chumba, mikrolita 30 kwa 30 kwa ng'ombe. Kwa mbuzi siramu iwe 75 kwa antijeni 25, maana kwa kiasi sawa wagonjwa wengi hukupita. Kigae kitikiswe dakika 4 kamili na kusomwa papo hapo. Tone la mzima hubaki waridi laini. La mgonjwa hukatika chembechembe kama unga wa muhogo ulioshindwa kuiva, na ukingo wake huacha pete. Anayesoma dakika ya 8 ataona chembe kwa kila mtu kwa sababu tone limeanza kukauka, na tena huku joto halimsubiri mtu.

Idadi nayo isikisiwe. Katika kundi kubwa, kupata angalau mnyama mmoja chanya kwa uhakika wa asilimia 95, kama maambukizi ni asilimia 5, wanatakiwa wanyama 59. Kama ni asilimia 2, wanatakiwa 149. Kupima kumi na kutangaza kwamba kata ni salama hakuna tofauti na kutopima.

Sampuli hizi zipate nyumba. Kituo cha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Mtwara kipo, na tunaomba kiwezeshwe kuwa hifadhi ya siramu na tishu za kusini: friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nyingine ya 80 chini ya sifuri, jenereta inayowaka yenyewe, kipima joto kinachotuma ujumbe kwa simu ya zamu, na daftari linaloonyesha kila kichupa kimetoka kwa mnyama gani, wa umri gani, kijiji gani, na kama aliwahi kuchanjwa. Hicho cha mwisho kikikosekana, kichupa hakina thamani. Hereni za utambuzi zinazovalishwa kwenye kampeni zitumike hapa, namba ya hereni iwe ndiyo jina la kichupa. Siramu hizohizo zitakuwa mtihani wa kwanza wa protini zitakazotengenezwa: protini ambayo mbuzi wagonjwa wa Masasi hawaitambui kabisa inatakiwa kutiliwa shaka kabla haijala fedha zaidi.

Kisha jaribio lenyewe. Tunapendekeza lianze na mbuzi. Mimba ya miezi mitano inatoa jibu mapema, gharama ni ndogo, na TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) Naliendele wanayo mazoea ya kutunza kumbukumbu za uzazi. Usalama na kinga vipimwe kwanza pale kwa mbuzi wachache wasio na ugonjwa. Baadaye makundi ya wafugaji wenye maambukizi yaliyothibitishwa, ndani ya kila zizi nusu wachanjwe na nusu wapewe kichocheo kitupu, kwa kura, bila mfugaji wala mchanjaji kujua nani kapata nini. Kama katika wasiochanjwa asilimia 10 hutupa mimba na tunataka kuona chanjo ikiishusha hadi 5, kila upande unahitaji majike kama 435 wenye mimba. Ongezeni juu yake, kwa kuwa mbuzi wa zizi moja hufanana, na wengine watauzwa au kuchinjwa siku ya harusi. Kwa vyovyote mbuzi hawapungui elfu moja. Mradi unaoomba fedha kwa mbuzi 40 wa zizini na kuahidi jibu la kutupa mimba, msiupitishe.

Mtaona pia kwamba kiasi cha protini si cha kuchezea. Tuchukulie lita moja ya mchuzi inatoa miligramu 20 zilizo safi, na kila mbuzi anahitaji sindano mbili za mikrogramu 200. Lita hiyo inatosha mbuzi 50. Wale 500 wa upande wa chanjo wanahitaji lita 10 zisizo na hasara hata tone, na hasara ipo kila hatua. Chupa za kutikiswa mezani hazitoshi, inatakiwa fementa, tangi kubwa la kukuzia bakteria. Taasisi ya chanjo ya TVLA Kibaha ina uzoefu wa kuzalisha chanjo za mifugo, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kina watu wa molekyuli. Kusini ilete sampuli na mazizi, wao walete mikono na mitambo, na mkataba useme hivyo tangu mwanzo.

Kasoro ya chanjo ya protini tunaitaja wenyewe: sindano moja kwa kawaida haitoshi. Inahitaji ya pili baada ya wiki tatu au nne, pengine na ya kukumbusha kila mwaka. Kwa mfugaji anayehama, kumpata mara mbili ndani ya mwezi ni kazi, kwa hiyo ratiba ifuate kiangazi, wakati mifugo inakusanyika kwenye maji. Na usafirishaji wake una kosa linalojirudia: vibarafu vilivyotoka friza vinawekwa kugusana na chupa, chanjo ya alumini au mafuta inaganda, inayeyuka, inaonekana nzima, na haikingi tena. Vibarafu viachwe nje mpaka vianze kutoa jasho na maji yasikike ndani, ndipo vipangwe.

Wakati kazi hii ikiendelea, na itachukua miaka, S19 isiachwe. Tunaomba ziara nne kwa mwaka badala ya moja kwenye vijiji vyenye ng'ombe wengi, Kilwa na Liwale kwanza, ndama jike wa miezi 3 hadi 6 tu, kila aliyechanjwa awe na alama na tarehe. Chupa iliyokwisha kuchanganywa isilale. Wachanjaji wapewe miwani. Maziwa yanayouzwa mjini yachemshwe, na ya mtindi yachemshwe kabla ya kugandishwa, kwa kuwa uchachu wa siku moja mbili hauwaui wote. Na waganga wakuu wa wilaya wakumbushwe kwamba homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na kiuno kinachouma kwa mfugaji ambaye malaria yake imepimwa hasi, inastahili kipimo cha uhakika cha bruselosi, na tiba ya wiki sita kamili: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini, au na streptomaisini wiki mbili hadi tatu za mwanzo. Wengi huacha dawa wiki ya pili wakipata nafuu, na ugonjwa hurudi.

Tunaomba majibu ya mambo matatu kabla ya kikao kijacho cha bajeti: halmashauri ipi itaanza na seti za kukusanyia mimba zilizotupwa, nani atalipia umeme na jenereta ya hifadhi ya sampuli, na ni lini TVLA, TALIRI na SUA wataitwa meza moja na mikoa hii miwili. Damu ya mzunguko wa kwanza ichukuliwe kati ya Agosti na Oktoba. Mvua zikishaanza, gari la sampuli kutoka Liwale haliwezi kuahidi kufika Nachingwea siku hiyohiyo, na barafu haitasubiri.

Wenu katika kazi,

Wataalamu wa afya ya mifugo na maabara, Lindi na Mtwara